Draiva Imegoma: Mwongozo kwa Fundi wa Buna

Mwongozo huu si wa kila mtu. Ni wa fundi aliyeko Buna, kwenye ile barabara ya vumbi inayotoka Wajir kwenda Moyale, ambaye ameletewa laptopu iliyotumika Ulaya, ikauzwa tena Eastleigh, ikapakiwa Linux kwa sababu Windows iliielemea, na sasa mwenye mali amesimama mlangoni anasema, "Walaal, waifai imekataa." Fundi wa Nairobi hauhitaji. Yeye akishindwa hushuka ngazi, akanunua kadi nyingine, akarudi kabla chai haijapoa. Wewe ukiagiza kadi itakuja na basi, na basi litakuja barabara ikipitika. Hata faiba ya barabara mpya ya Isiolo hadi Mandera njia yake ni Wajir mjini, haikunji kona kuja kwako.

Usivunjike moyo. Mji uliowaona Waitaliano wakiingia na jeshi lao mwaka 1940, na mwaka uliofuata ukawaona wakitoka, hautishwi na kadi inayoenea kiganjani.

Kwanza, mshtakiwa

Kabla hujafungua kitu, tangaza kwamba ni draiva. Tangazo hili halina hasara. Draiva haionekani, haijibu, na haina ukoo. Ukiisingizia, hakuna wazee watakaoketi chini ya mti kukutoza ngamia katika maslaha. Mteja atatikisa kichwa kwa heshima. Akitaka maelezo mpe, na safari hii utakuwa unasema kweli: ndani ya mfumo kuna kerneli, ile sehemu inayomiliki kumbukumbu, muda wa prosesa na vifaa vyote, na ndani ya kerneli kuna draiva, programu inayojua lugha ya chipu fulani au ya familia moja ya chipu. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa peke yake. Draiva hukosea ikiwa ndani ya kerneli, kwa hiyo inaweza kuondoka na mashine nzima.

Ukishatangaza, hakikisha kimyakimya kwamba si bando limeisha. Wengi wanaosema waifai imekataa wana waifai nzima kabisa: laptopu imeshikana na ruta, mistari yote imejaa, ila ruta yenyewe haina kitu cha kuwapa. Tazama simu ya mtu mwingine iliyounganishwa na ruta ileile. Kama nayo imekwama, huna mgonjwa. Uliza pia kama mnara upo. Wajir, Garissa na Mandera ni kaunti ambazo al-Shabaab wamelipua minara ya simu zaidi ya mara moja, na siku ya namna hiyo fundi hufunga duka akaenda kwanza kuuliza hali za watu.

Sasa, kuna amri inaitwa dmesg. Inakuonyesha yale ambayo kerneli imeyaona na kuyaandika tangu ilipowashwa: kifaa gani kimegunduliwa, draiva gani imekiitikia, nani amekataa na kwa nini. Jibu lako mara nyingi limo humo, limeandikwa. Ndiyo sababu mwongozo huu, kwa kuheshimu desturi za kazi, unakushauri usiisome. Ukiisoma asubuhi utamaliza kazi asubuhi. Futa mfumo kwanza, pakia Ubuntu upya, poteza picha za harusi za mteja, kisha usome dmesg jioni, ukute ilikuwa ikisema neno lilelile tangu ulipofungua duka.

Kwa laptopu za HP za zamani, neno lenyewe huwa ni kitufe. Juu ya kibodi kuna alama ya mnara mdogo unaotoa mawimbi, na taa yake: buluu redio ikiwa wazi, rangi ya chungwa ikiwa imefungwa. Mtoto ameibonyeza akicheza. Amri ya rfkill list itakuambia kama redio imefungwa kwa programu au kwa kifaa chenyewe. Ikiwa ni kwa kifaa, hakuna amri itakayoifungua, hata uiandike kwa hasira. Bonyeza. Taa ikibadilika, usimtazame mteja usoni. Jinsi ya kumtoza tutaifikia.

Kadi yenye njaa

Kama si kitufe, dmesg itasema fimwea, programu ya ndani ya kadi, imeshindwa kupakiwa, kosa la -2. Kosa la -2 maana yake faili haipo, basi. Chipu ya waifai ni kompyuta kamili yenye prosesa yake, lakini nyingi hazina pa kuhifadhia programu yao. Ukizima umeme zinasahau kila kitu. Kila unapowasha laptopu, draiva huchukua faili kutoka /lib/firmware na kuilisha chipu. Faili isipokuwapo, chipu inaonekana, jina lake linasomeka, ila haijui kufanya lolote.

Mbona faili haipo? Kwa sababu ya msimamo wa watu walioko mbali. Faili hizi ni mali ya watengenezaji na msimbo wake hauonekani, kwa hiyo watu wa Debian, aina nyingine ya Linux, kwa miaka mingi walikataa kuziweka kwenye diski yao ya kupakia mfumo, kwa kuwa si programu huru. Walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ikaja nazo. Kabla ya hapo maelekezo yalikuwa mepesi: pakua fimwea kutoka intaneti. Na intaneti unaitakia nini? Upakue fimwea. Aliyeandika maelekezo hayo alikuwa na waya wa mtandao ukutani. Hakumfikiria fundi ambaye waya pekee ulioko ukutani kwake unatoka kwenye paneli ya sola.

Broadcom ndio waliotutesa zaidi. Kadi zao zilijaa kwenye laptopu za Dell na HP, na kwa miaka hawakutoa maelezo ya namna zinavyofanya kazi. Watu wa kujitolea wakagawana makundi mawili: moja likaichambua draiva ya kampuni na kuandika maelezo, la pili likaandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo tu, bila kuitia macho ile ya kampuni. Iliingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006 kwa jina bcm43xx, baadaye ikaandikwa upya ikawa b43. Fimwea yenyewe hawakuruhusiwa kuigawa, kwa hiyo ikatengenezwa programu nyingine, b43-fwcutter, ambayo kazi yake ni kuikata fimwea kutoka tumboni mwa draiva ya kampuni, kila mtu achinjie nyumbani kwake. Septemba 2010 Broadcom walitoa draiva yenye msimbo wazi, kwa kadi chache mpya. Za zamani, ambazo ndizo zinazotufikia sisi, hazikuwamo.

Dawa ni simu. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB. Kerneli itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya na haitadai fimwea yoyote. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni waya wenyewe: nyingi zinazouzwa sokoni zina nyuzi za umeme tu, za data hazimo, na utahangaika na mipangilio ya simu nusu saa kabla ya kukumbuka kubadilisha waya. Wa pili ni mbaya zaidi. Laptopu ikinusa intaneti tu, Ubuntu inaanza kuvuta masasisho ya miezi yote iliyoyakosa. Fimwea unayoitafuta inaweza kuwa megabaiti chache. Masasisho ni mamia. Bando la mteja litakwisha fimwea ikiwa imefika asilimia 40. Zima masasisho ya kujiendesha kwanza. Hili nalisema bila kejeli.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato: kadi ndogo ya kuchomeka kwenye USB. Boksi lake lina sahani ndogo ya CD, na kwenye sahani mna draiva ya Linux iliyoandikwa enzi za kerneli 2.6. Laptopu haina pa kuingizia CD. Ukiupata msimbo kwa njia nyingine hautajengeka, maana kazi za ndani za kerneli hubadilishwa majina na maumbo bila mtu kuombwa radhi. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, aliandika waraka mzima, umo kwenye nyaraka za kerneli, kueleza kwa nini hawataahidi kutobadilisha: draiva iliyomo ndani hurekebishwa na huyohuyo anayebadilisha, iliyoko nje ijitafutie. Hoja ni nzuri. Inasomeka vizuri zaidi ukiwa na faiba.

Kadi hiyo ikianza kutoa kosa la -71 au la -110, usikimbilie msimbo. La kwanza ni mazungumzo ya USB kuvurugika. La pili ni jibu kungojwa hadi muda ukaisha. Mara nyingi ni umeme haba. Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500 na si zaidi, nawe umeweka waya wa kurefusha wa mita tatu ili kadi ikae dirishani. Utoe. Na waifai inayoshika kisha ikalala kila unapotulia, izimie hali ya kuokoa umeme: iw dev wlan0 set power_save off.

Laptopu ya Minneapolis

Hapa tutulie kidogo. Familia nyingi za kaskazini mashariki zina mtu Minneapolis, na mtu wa Minneapolis hutuma laptopu. Inafika ikiwa nzuri kuliko zote mjini: taa sawa, fimwea imepakiwa, dmesg safi. Inaiona hotspoti ya simu yako. Inaiona ruta ya duka la jirani. Ruta ya mwenyewe, iliyo mita mbili kutoka kwenye mkeka anaokalia, haiioni. Simu zote za sebuleni zinaiona.

Desturi inataka ufanye hivi. Badilisha jina la ruta, badilisha nywila, kisha iondoe kabisa ili majirani wafaidi. Fungua laptopu ukaze nyaya za antena, ambazo hazikuwa zimelegea. Pakia mfumo upya. Mpigie simu fundi wa Moyale, mzungumze hadi mkubaliane kwamba ni draiva.

Kisha anapita mzee. Afadhali awe mzee aliyewahi kutumia taar, zile redio za mawimbi mafupi ambazo, kabla simu za mkononi hazijaenea, ziliunganisha familia za Kisomali za kambi za Dadaab na ndugu zao waliobaki Somalia. Mtu aliitwa hewani, akatafutwa, akaja kuketi mbele ya redio, na maneno yake yakasikiwa na kila aliyefungulia masafa yale. Mzee wa taar haijui Linux. Atasikiliza kisa chote, atakunywa chai yako, atauliza:

"Hiyo yenu iko masafa gani?"

"Adeer, hii ni kompyuta."

"Nimeona ni kompyuta. Iko masafa gani?"

Andika iw reg get, uone haya. Skrini itasema nchi ni US. Kwenye gigahezi 2.4, waifai za Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11. Kenya, kama Ulaya, inaruhusu hadi 13. Katikati ya chaneli 11 ni megahezi 2462, katikati ya 13 ni 2472. Tofauti ni megahezi 10 tu, lakini kadi iliyoandikwa Marekani kiwandani haitegi sikio huko hata kidogo. Na ruta, kwa kuachiwa ijichagulie, imekwenda kukaa chaneli 13. Hewa ya Buna iko wazi, chaneli karibu zote hazina mtu, nayo imehamia pembeni kabisa kukwepa msongamano ambao haupo.

Utajaribu kuiambia laptopu kwamba iko Kenya: iw reg set KE. Amri itapokewa kwa adabu na chaneli 13 haitafunguka. Kadi nyingi zina nchi yao imeandikwa ndani ya chipu. Kerneli ikipewa nchi mbili, ya kadi na ya mtumiaji, kwa kawaida huchukua yale tu ambayo zote mbili zinaruhusu. Ruhusa inaweza kupungua, haiongezeki. Kadi nyingi za Intel hata hazishauriani na kerneli, zinajiamulia. Wala hii si hitilafu. Draiva imetii ilichoagizwa, neno kwa neno: kanuni iliyotungwa Washington inatekelezwa Buna, juu ya mkeka wa mtu, na hakuna askari aliyetumwa. Aliyeiandika hakukosea. Alidhani tu laptopu ikinunuliwa Marekani itazeekea Marekani.

Una njia mbili. Unaweza kuihariri draiva ipuuze nchi ya kadi. Msimbo uko wazi, na wako waliofanya hivyo. Itakuchukua wiki, itakupa hadhi hadi Wajir mjini, na sasisho linalofuata litaifuta kazi yako usiku. Au unaweza kufungua ukurasa wa ruta ukaihamishia chaneli 6.

Mdudu wa kweli

Siku moja utakutana na hitilafu iliyomo kweli ndani ya draiva. Utaijua. Kerneli ya jana ilikuwa nzima; ya leo, waifai ikianza tu kusaka mitandao, mashine inaganda na taa ya Caps Lock inamweka. Hongera. Sasa umefika walipo wenzako wa Helsinki na Bangalore, isipokuwa wao umeme wao haukai ukingoja wingu lipite.

Vitabu vitakuelekeza kwenye netconsole, inayotuma maneno ya mwisho ya kerneli kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Inahitaji kompyuta ya pili, na mtandao wa waya kati yao. Wewe tumia kamera ya simu: piga picha skrini kabla hujazima. Usikate sehemu ya juu. Mistari ya mwanzo ndiyo yenye jina la kazi iliyoanguka. Iliyo chini inataja walioiita, ambao huenda hawana hatia.

Kisha kuna git bisect, utafutaji wa kukata nusu kwa nusu. Toleo moja la kerneli hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Unajenga kerneli ya katikati, unaijaribu, ikiwa nzima, mkosaji yuko nusu ya baadaye, unakata tena. Duru 14 zinatosha kumfikia mmoja kati ya 16,000. Hesabu hiyo ni tamu kwenye karatasi. Mezani kwako, duru moja kwa prosesa ya zamani ni saa kadhaa za jua kali, na historia ya kerneli yenyewe ni gigabaiti kadhaa za kupakua kwa bando. Punguza mzigo kwa make localmodconfig, ambayo hujenga moduli zile tu zilizopakiwa wakati huo. Ila hakikisha kadi imechomekwa unapoandika amri hiyo. Ukiisahau kwenye droo, utajenga kerneli nyepesi, safi, isiyo na draiva ya waifai kabisa, nayo itafaulu jaribio, kwa kuwa haitaganda kamwe.

Kuna mdudu mwingine mwenye haya. Anatokea mara moja kwa siku, unaongeza mistari ya printk, inayoandika kwenye dmesg, ili umfuatilie, anatoweka. Usishangilie. Hizo ni kazi mbili zinazokimbilia data ileile kwa wakati mmoja bila kufuli ya kuzitenga, na mistari yako imeichelewesha mojawapo kidogo tu. Ukiitoa, anarudi. Wako mafundi wanaoiacha mistari hiyo ndani na kuhesabu kazi imekwisha. Siungi mkono, ila nawaelewa.

Ukimpata mkosaji, skripti ya get_maintainer.pl itakupa majina ya wa kuandikiwa. Andika barua pepe ya maandishi matupu yenye rekebisho lako, uweke chini yake mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, utaratibu ulioanza mwaka 2004 wa kuthibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Weka jina lako, la baba na la babu, hawakatai. Jibu litakuja kwa adabu, na huenda likawa ombi: tafadhali jaribu kwanza kwenye kerneli ya wiki hii. Tazama betri, tazama jua, kisha uamue kama ni leo.

Malipo

Mteja, tuseme ni mwalimu wa shule, hulipia kazi aliyoiona. Ukigundua ni kitufe, au chaneli, usimalizie mbele yake. Mwambie, "Mwalimu, rudi baada ya alasiri." Ifunike laptopu, iweke rafu ya juu pamoja na zile zilizokufa ikapate vumbi kidogo. Akirudi, iwashe, fungua dirisha jeusi, andika dmesg maandishi yateremke kwa kasi, kunja uso kama unayeyasoma. Kisha mfungulie tovuti ya KUCCPS, ya kuwapangia wanafunzi vyuo, ambayo watahiniwa wake wanaisubiri, utaje bei kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Atume kwa M-Pesa mtandao ukiwa bado upo.

Mwisho ni jambo ambalo mafundi wenzako watanilaumu kwa kuliandika. Ubuntu haiitupi kerneli ya zamani papo hapo. Mashine ikiwaka, mtu akashika Shift au kubonyeza Esc mapema, orodha inatokea, na chini ya chaguo za ziada kerneli iliyokuwa ikifanya kazi jana bado ipo, inangoja kuchaguliwa. Mteja anayelijua hili hatakuletea laptopu kila sasisho linapoharibu waifai. Kwa hiyo kama ni mwalimu wa watoto wako, mwonyeshe leoleo. Wengine waache warudi.